Kiingereza cha Karafuu na Ukili: Tathmini ya Kozi ya Wiki 12, Chake Chake

Kozi ya Kiingereza ninayoieleza hapa husomeshwa Chake Chake, kisiwani Pemba, Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwa muda wa wiki 12, na ada yake ni shilingi 30,000 kwa mwezi pamoja na nauli za safari za nje ya mji. Mwanafunzi anayejiandikisha haulizwi amefika kitabu gani. Hupewa daftari, penseli na tepu ya kupimia, kisha hupelekwa shambani, kwenye magofu na kwenye nyumba za wazee kukusanya habari za kwao, na habari hizo hurudishwa darasani zikafanyiwa kazi kwa Kiingereza mpaka mwanafunzi aweze kusimama mbele ya meza yake, siku ya maonyesho, akamweleza mgeni alichokitafuta na alichokipata. Jina la kituo silitaji kwa kuwa mwenyewe ameniomba hivyo: anasomesha na msaidizi mmoja tu, nafasi ni 24 kwa kila awamu, na tayari anawarudisha watu. Mtu aliyepo Chake Chake akimuulizia maalim anayesomesha Kiingereza kwa karafuu ataonyeshwa mlango.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa skuli ya msingi. Niliingia katika kozi hii kwa kumsindikiza mtoto wa dada yangu, ambaye nakaa naye na ambaye wakati huo alikuwa ndio kwanza ameingia kidato cha kwanza. Nilipewa kiti cha nyuma, na ilipofika wiki ya tatu nilikuwa nafanya mazoezi pamoja na wenzangu wa miaka 13. Nilikosa vipindi viwili tu.

Tatizo ambalo kozi hii inajaribu kulitibu nalijua kutoka upande wa ubao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mimi ni miongoni mwa waliotakiwa kuutekeleza uamuzi huo darasani. Kila mwaka nimeona watoto wanaoweza kuandika maana ya usanisinuru kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuacha hata nukta, lakini ukimuuliza mmoja wao kwa lugha hiyo hiyo kwa nini mgomba ulio nyuma ya darasa umenyauka, atainamisha kichwa. Jibu analo, tena analo kuliko mimi, kwa sababu anapita pale kila siku na anajua ni nani aliyeufukua udongo wa shina lake. Lakini Kiingereza alichonacho ni cha kujibia mtihani. Hajawahi kukutana na mtu anayemsikiliza kwa lugha hiyo kwa sababu anataka kujua jambo ambalo mtoto yule analijua na yeye halijui. Kozi hii imejengwa juu ya pengo hilo, na sifa zake karibu zote zinatoka hapo.

Mradi wa kwanza ni wa karafuu, nao ndio bora kuliko yote. Mpemba hahitaji kufundishwa karafuu. Watoto wote 24 walikuwa wameshawahi kukaa jamvini wakichambua, na wengi wao walikuwa na maoni makali kuhusu nani katika familia anayechambua haraka. Maalim, kwa upande wake, ni mtu wa Unguja, mzaliwa wa mjini, na alikiri mbele yetu kwamba hakuwahi kuona karafuu mbichi mkononi mwake kabla ya kuja Pemba. Alichokifanya ni kuugeuza upungufu huo kuwa somo. Kila mtoto aliambiwa alete kitu kimoja kinachotumika katika kazi ya karafuu nyumbani kwao, akieleze, na maalim aulize maswali mpaka aelewe. Kililetwa kipande cha jamvi, ikaletwa pishi ya zamani, ukaletwa ungo, na kijana mmoja alileta mkono uliochubuka wa kaka yake, yaani alimleta kaka mwenyewe aliyeteleza juu ya mkarafuu. Maswali ya maalim yalikuwa ya kweli, na watoto waliona kuwa ni ya kweli. Aliuliza kwa nini karafuu isiachwe mpaka ichanue ndipo ichumwe, kwa kuwa ua lililochanua hupendeza zaidi. Darasa zima liliguna. Mtoto wa dada yangu, ambaye nyumbani hatamki sentensi ya Kiingereza hata ukimlipa, alinyanyuka akaeleza kwa maneno yaliyokatikakatika kwamba karafuu ni ua ambalo halijafunguka, kwamba huchumwa likiwa limeacha ukijani na kuanza wekundu, na kwamba likishafunguka thamani yake imekwenda. Alikosea wakati wa kitenzi mara tatu. Hakuna aliyemkatiza, naye hakukaa mpaka maalim alipotikisa kichwa kuonyesha kuwa ameelewa.

Sarufi ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kuhitajika. Ukieleza kazi ya karafuu kwa Kiswahili utajikuta unasema huchumwa, huchambuliwa, huanikwa, huanuliwa, hupimwa. Maalim aliyaandika maneno hayo matano ubaoni, akapiga mstari chini ya kile kiambishi cha kutendwa kinachojirudia mwishoni mwa kila kitenzi, kisha akaonyesha jinsi Kiingereza kinavyoifanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya mbali zaidi: kitenzi kisaidizi mbele, na umbo la tatu la kitenzi nyuma yake, ambalo mara nyingine halifuati kanuni yoyote. Nimesomesha watoto kauli ya kutendwa kwa miaka, nikitumia sentensi za paka na panya, na sijawahi kuona ikishikwa kwa dakika 40 kama nilivyoiona siku ile. Sababu naiona wazi. Watoto hawakuwa wanajifunza kauli mpya. Walikuwa na kauli hiyo vinywani mwao tangu wanaanza kusema, na walichokuwa wanakitafuta ni mavazi yake ya Kiingereza.

Halafu ikaja mizani. Kilo tatu za karafuu mbichi zilianikwa uani kwa kituo, zikapimwa kila jioni, na uzito ukaandikwa kwenye jedwali. Siku ya tatu ilinyesha mvua ya ghafla, watoto wakaacha madaftari wakakimbilia majamvi bila kuambiwa, na jioni yake sentensi za ‘kwa sababu’ na ‘ingawa’ zilipatikana kwa wingi kuliko zilivyohitajika. Zilipokauka zilikuwa zimebaki kilo moja na gramu chache. Kwa mwalimu wa sayansi hili ni jambo la furaha kubwa: hapo pana kipimo, pana mabadiliko, pana sababu, pana lugha ya kulinganisha, na vyote vimetoka katika kitu ambacho mtoto anakinusa nguoni mwake. Makonyo nayo hayakutupwa. Wageni wengi hudhani kuwa vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua ni taka, na watoto walipenda sana kuwasahihisha kwa kuwaeleza kuwa ndivyo vinavyopelekwa Kiwanda cha Makonyo pale Wawi vikakamuliwa mafuta kwa mvuke.

Kuna kisa kimoja cha neno ambacho sitaki kukiacha. Kundi moja liliamua kuandika namna ya kupika pilau, likasoma mfano katika kitabu cha mapishi cha Kiingereza, na likashangaa kuona kwamba Waingereza wanaponda karafuu tatu pamoja na tangawizi. Neno lililoandikwa lilikuwa ‘clove’, na kwa Kiingereza neno hilo ni jina la karafuu na pia ni jina la kidole kimoja cha kitunguu thomu. Maalim aliwaeleza kwamba ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani: la thomu ni la Kiingereza cha kale na lina undugu na neno la kupasua, ilhali la karafuu limepitia Kifaransa kutoka neno lenye maana ya msumari, kwa sababu ya umbo lake. Neno letu la karafuu limetujia kutoka Kiarabu. Tangu siku ile sijaona mtoto hata mmoja wa kundi lile aliyelisahau neno hilo, na wamejua pia kwamba maneno yana safari zao, kama bidhaa zenyewe.

Mradi wa pili ni wa ukili na mikeka. Tulikwenda kwa bibi mmoja, nje kidogo ya mji, ambaye amesuka tangu udogo wake, na watoto walimhoji katika makundi ya wanne wanne. Hapa naipongeza kozi kwa uamuzi ambao vituo vingine visingeufanya: mahojiano yote yalikuwa kwa Kiswahili, tena kwa Kipemba cha bibi mwenyewe, na Kiingereza kilikatazwa mbele yake. Watoto walifundishwa kwanza namna ya kuingia: hodi, shikamoo, kungoja kukaribishwa, kutomwekea mtu mzima kinasa sauti mbele ya uso kabla ya kumuomba ruhusa. Mzee hakufanywa chombo cha mazoezi. Tuliporudi darasani ndipo maneno yake yalipoanza kuvushwa kwenda lugha ya pili, na ndipo ilipoonekana kazi ilivyo kubwa.

Kiswahili kina ‘yeye’ mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Katika rasimu za kwanza za watoto, bibi yule alikuwa mwanamume katika mstari wa kwanza, mwanamke katika wa pili, na mwanamume tena alipofika kwenye kuchemsha rangi. Kosa hilo kila mwalimu analijua na kila mwalimu analisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka anachoka. Safari hii hapakuwa na haja ya kalamu. Mtoto mmoja alisoma rasimu yake kwa sauti, na mwenzake akamwambia, kwa hasira kidogo, kwamba bibi yao alikuwa mbele yao jana amevaa buibui na sasa anamwita mwanamume. Heshima kwa mtu waliyemjua ilifanya kazi ambayo kanuni haikuifanya.

Kulikuwa pia na swali la maneno yasiyo na mwenzake. Ukindu (majani ya mkindu ya kusukia), ukili, shazia (sindano kubwa ya kushonea mikeka): ni vipi yasemwe? Watoto wengi walitaka kutafuta neno lolote la karibu, na mmoja aliuita ukili ‘kamba’ kwa Kiingereza, jambo ambalo lingemfanya mgeni adhani kwamba mkeka hushonwa kwa kamba za kufungia mbuzi. Maalim aliamua kwamba neno la kitu cha kwetu libaki kama lilivyo, lifuatwe na maelezo ya sentensi mbili: ni utepe mrefu uliosukwa kwa ukindu, nao huunganishwa kwa kushonwa, ukingo kwa ukingo, mpaka upatikane upana wa mkeka. Naunga mkono uamuzi huu kwa moyo wote. Kiingereza chenyewe kilichukua neno ‘safari’ kutoka kwetu, kikalibana likawa la kwenda kutazama wanyama tu, kiasi kwamba mtoto wetu akisema kwa Kiingereza kuwa amefanya safari ya Unguja kwa boti msikilizaji atamuuliza aliona simba wangapi. Ikiwa neno moja limeweza kuvuka na likapoteza sehemu ya maana kwa kukosa wa kulieleza, basi tunaovusha maneno mengine tuna wajibu wa kuyaeleza.

Safari ya Pujini ilikuwa fupi mno, saa moja tu kwa sababu gari lilitakiwa kurudi mjini, nami nasikitika, kwa kuwa mahali pale panataka nusu siku. Hata hivyo somo lililotokana nalo lilikuwa zuri. Pujini pana magofu ya ngome ambayo wataalamu wa mambo ya kale huihusisha na karne ya 15, na ambayo watu wa kwetu huijua kwa jina la Mkama Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukatili. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima chake kilikuwa na ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane. Watoto walitakiwa kutenganisha sentensi zao katika aina tatu: niliyoyaona na kuyapima mwenyewe, yaliyoelezwa na wachimbuaji wa mambo ya kale, na yanayosimuliwa na wazee. Kila aina ina namna yake ya kusemwa kwa Kiingereza, na mtu asiyejua tofauti hizo atamwambia mgeni hadithi kama kwamba ni kipimo cha tepu, au atadharau simulizi ya wazee kwa kuwa haina kipimo. Zoezi hili lingefaa hata kwa watu wazima wanaotembeza wageni.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa zaidi kuliko yote, na ambalo kozi ilikaribia kulikosea. Meza ya historia ya karafuu iliandaliwa na kundi la watoto watano wenye bidii. Walieleza vizuri kwamba karafuu zililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu moja ya kisiwa chetu kuwa ndicho chenye karafuu nyingi. Kisha waliandika, kwa kauli ileile ya kutendwa waliyoifurahia, kwamba mikarafuu ilipandwa, mashamba yalifyekwa na karafuu zilichumwa. Sentensi zilikuwa sahihi kabisa kisarufi, na maalim alikuwa ameziwekea alama ya vyema.

Siku ya maonyesho alikuja mzee mmoja, babu wa mmoja wa wanafunzi, akaomba asomewe maandishi hayo kwa Kiswahili. Aliposikia ‘ilipandwa’ aliuliza: ilipandwa na nani? Mtoto alijibu, na watu. Mzee akauliza, watu gani, na walilipwa na nani? Meza ilinyamaza. Watoto wale walijua jibu, kama sisi sote tunavyolijua, kwamba mashamba ya karafuu ya visiwa hivi yalisimama kwa kazi ya watumwa walioletwa kutoka bara, na kwamba hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hapa Zanzibar na Pemba mpaka mwaka 1897. Walikuwa wameliacha jambo hilo kwa sababu kila maelezo ya karafuu waliyowahi kuyasikia yakitolewa kwa Kiingereza yalikuwa ya harufu nzuri na ya visiwa vya viungo. Na kauli ya kutendwa, ambayo niliisifu hapo juu, iliwapa njia ya kumficha mtendaji bila kusema uongo.

Nampa maalim haki yake: hakumkinga mtoto na swali, wala hakulisogeza kando. Alichukua karatasi mpya palepale, akawaambia watoto waandike sentensi zilezile na kumtaja mtendaji kwa kutumia neno ‘by’, ambalo mpaka saa ile walikuwa wanaliona kama pambo la mwishoni. Iliwachukua karibu nusu saa, na wageni walingoja. Karatasi ile, yenye mikwaruzo na mwandiko wa kalamu ya wino mzito, ilibandikwa juu ya ile iliyopambwa. Hata hivyo nasisitiza kwamba swali hilo halikupaswa kungoja babu wa mtu aje kuliuliza. Kozi inayosema kuwa inafundisha urithi lazima iwe na swali hilo ndani ya mpango wake kuanzia wiki ya kwanza, kwa sababu lugha tunayowapa watoto ndiyo watakayotumia kuwaelezea wageni kisiwa hiki, na wageni wakipewa nusu ya habari watakwenda nayo nusu.

Upungufu mwingine ni wa kawaida zaidi, lakini mzazi anayetoa shilingi 30,000 ana haki ya kuujua. Uandishi ni dhaifu. Watoto husema mengi, huandika vibandiko na maelezo mafupi, lakini hawafikii insha ya kurasa mbili yenye mwanzo na mwendelezo, na mitihani ya kidato cha pili inadai hivyo. Madaftari husahihishwa kwa kuchelewa. La mtoto wetu lilikaa wiki tatu bila alama. Kinasa sauti kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kwa hiyo makundi mawili yalipoteza nusu ya maneno ya bibi na yakalazimika kuazima kwa wenzao. Watoto hawasikii Kiingereza cha mtu mwingine yeyote ila cha maalim na msaidizi wake, na hilo lilionekana walipokuja wageni wawili waliokuwa wakizungumza kwa kasi, ambapo watoto wengi walielewa maswali yaliporudiwa mara ya pili au ya tatu. Mwezi wa kwanza vipindi vya Jumamosi vilikuwa vinagongana na chuo cha Kurani kwa baadhi ya watoto, na wazazi wawili wakawatoa; baadaye muda ulirekebishwa, lakini wale wawili hawakurudi.

Na lipo suala la bibi wa ukili. Alitupa asubuhi nzima, alitusukia, alitufundisha, akatupikia na chai, na tukaondoka na shukrani tu. Kijitabu cha kazi za watoto kilipotoka kilikuwa kwa Kiingereza peke yake, lugha asiyoisoma. Nililisema jambo hili katika kikao cha wazazi na sikuwa peke yangu, maana mama mmoja alisema kwa uchungu kwamba wazee wetu wameshachukuliwa mengi na watu wenye madaftari. Haitoshi kuwafundisha watoto kubisha hodi kwa adabu ikiwa tutatoka na mali ya mwenye nyumba bila kumwachia kitu.

Pamoja na hayo yote, nikiulizwa kama fedha zetu zilikwenda mahali pake, jibu langu ni ndiyo. Mtoto wa dada yangu hajawa mzungumzaji wa ufasaha. Wiki 12 haziwezi kufanya hivyo kwa yeyote. Kilichobadilika ni kwamba akiwa na jambo la kusema hangoji mpaka sentensi iwe kamili kichwani. Huanza, akakwama, akatafuta njia nyingine, na mara nyingi hufika. Mwalimu wake wa bayolojia ameniambia kuwa sasa anauliza maswali darasani, na maswali yake ni ya vitu anavyoviona. Mimi mwenyewe nimeuchukua ule mzani na kuupeleka katika darasa langu la sita: tumekausha mwani, tumekausha pilipili, tumepima, tumeandika. Watoto wangu wananieleza vitu kwa Kiingereza kibovu ambacho kinazidi kunyooka, badala ya kunisomea Kiingereza kizuri ambacho si chao.

Mzazi ambaye mtoto wake ana mtihani wa taifa mwaka huu namshauri asitegemee kozi hii peke yake. Amtafutie na mtu wa kumsimamia insha. Mwenye mtoto wa darasa la sita, la saba au kidato cha kwanza, hasa yule mwenye haya ya kusema, asisite. Watu wazima nao hupokelewa wakikubali kukaa na watoto, na nimemwona kijana mmoja anayeuza viungo kwa watalii akinufaika kuliko sisi sote.

Awamu inayofuata inaanza baada ya mavuno, na mradi wake mkubwa ni ukili tena, safari hii kwa wiki sita. Nimeuona mpango wake. Malipo ya bibi ya kila asubuhi yamehesabiwa ndani ya ada, ambayo kwa sababu hiyo imepanda kwa shilingi 2,000, na kijitabu kitachapwa kwa lugha mbili, Kiswahili kikiwa ukurasa wa kulia. Nakala ya kwanza imeshaandikwa jina la bibi.